Karatasi ya Mwalimu Okoth

"Funga mlango, Mwalimu Nyaboke," alisema Mwalimu Mkuu Machogu. "Na dirisha pia."

Nyaboke alifunga vyote viwili. Katika miaka miwili aliyofundisha shule hii ya misheni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Nyamira katika nchi ya Wakisii, alikuwa hajawahi kuitwa ofisini dirisha likafungwa. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba siri imetoka: wamejua habari yake na Mwalimu Okoth.

Machogu alisukuma barua mezani.

"Soma. Imetoka kwa mkaguzi."

Barua ilikuwa fupi. Matokeo ya mtihani wa darasa la nne yamefika. Wavulana sita na wasichana wanne wamepita alama tisini katika hesabu. Chini yake mkaguzi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Alama za hawa wasichana si za kawaida. Chunguzeni kama karatasi za mtihani hazikuonekana kabla ya siku yake.*

Nyaboke alisoma mara mbili. Hofu yake ilishuka, kisha ikapanda tena kwa njia nyingine.

"Wasichana wanne," Machogu alisema. "Tisini na zaidi! Wewe unawafundisha kushona na kusoma. Unawajua. Niambie ukweli, wanaweza?"

Nyaboke alifikiri juu ya Bosibori, mmoja wa hao wanne, mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyekaa nyuma kabisa na kushona kwa mishono mikubwa kama ya gunia. Alijikumbuka na yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, akilia juu ya sleti, na mwalimu wake akimwambia asijisumbue, hesabu haikuumbiwa wanawake.

"Sijui, Mwalimu Mkuu. Ni... ni nyingi sana."

"Ndivyo nilivyosema mimi. Karatasi zilifika Alhamisi, nikazifungia kabatini. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Kati ya siku hizo kuna mtu aliingia humu?"

Hapo ndipo Nyaboke alipokumbuka. Ijumaa alasiri, watu wote walipokuwa wakiharakisha kwenda nyumbani kujiandaa kwa Sabato, yeye alirudi kuchukua mwavuli. Alimwona Jeconia Okoth akitoka ofisini humu, anatazama kushoto na kulia, huku anaingiza karatasi ndani ya koti. Wakati ule hakufikiri lolote. Sasa ile picha ilimjia wazi, na kila kitu ndani yake kilikuwa kimebadilika: lile koti, yale macho, ile haraka.

"Mwalimu Nyaboke?"

"Nilimwona mtu," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Ijumaa. Mwalimu Okoth alitoka humu na karatasi."

Machogu alishusha pumzi ndefu. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Mjaluo," alisema taratibu. "Nilijua tu."

Okoth aliitwa saa hiyo hiyo. Aliingia mikono yake ikiwa na chaki, mrefu, akiinama kidogo mlangoni kama kawaida yake. Alimtazama Nyaboke na macho yake yakang'aa, kisha akaona uso wake na ule mng'aro ukazimika.

"Mwalimu Okoth," Machogu alianza, "Ijumaa kabla ya mtihani uliingia ofisini kwangu bila ruhusa?"

"Niliingia, bwana."

"Ukatoka na karatasi?"

"Nani aliniona?"

"Jibu swali."

"Nilitoka na karatasi. Ilikuwa yangu."

"Karatasi gani hiyo?"

"Yangu, bwana."

"Basi ilete tuione, tumalize maneno."

Okoth alimgeukia Nyaboke. Alimtazama kwa muda ambao ulimfanya Machogu naye ageuke.

"Siwezi kuionyesha," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Vyovyote mtakavyoandika, bwana."

Machogu aliandika kweli. Mkaguzi, Bwana Thadeus Okemwa, angefika Jumatano. Hadi siku hiyo Mwalimu Okoth asikanyage darasani.

Nyaboke alimfuata nje, akamkuta karibu na ua wa miti ya kahawa.

"Jeconia, ngoja."

Alisimama bila kugeuka. "Kumbe ni wewe."

"Niliulizwa. Ningesema uongo?"

"La. Uliona vizuri, sikulaumu kwa kuona. Lakini ulikuwa na nafasi ya kuniuliza mimi kwanza."

"Ningekuuliza ungenijibu?"

"Sasa hatutajua kamwe," Okoth alisema, akashika njia ya Nyamira.

*

Mwalimu Orpah alikuwa ndiye rafiki pekee aliyejua mapenzi yao. Ndiye aliyebeba vikaratasi vyao, ndiye aliyekaa kati yao kanisani watu wasione. Jioni ile walikuwa jikoni kwa Orpah wakimenya ndizi, na Orpah hakuhitaji kuulizwa.

"Nilikwambia, Nyaboke. Nilikwambia tangu mwanzo. Hawa Wajaluo, watu wa ziwani, wana maneno matamu, suti nzuri na viatu vinavyong'aa. Ndani huwajui."

"Alifundisha miaka mitatu bila lawama."

"Alikuwa anangoja. Anataka sifa. Wasichana wakipita sana, mkaguzi atasema mwalimu gani huyu, apewe cheo. Na wewe utaachwa hapa. Kwani yule mke wake huko kwao atakubali ahame na wewe?"

Kisu cha Nyaboke kilisimama. "Mke gani?"

"Kila mmoja wao ana mke nyumbani."

"Umemwona?"

"Nimwone wapi? Watu wanajua."

Nyaboke alikuwa amemuuliza Okoth jambo hilo miezi mitano iliyopita. Okoth alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona si utani. "Nani amekwambia?" alimuuliza. Nyaboke alimjibu, "Watu." Na Okoth akasema, "Basi waambie hao watu wanitafutie jina lake, maana mimi silijui." Siku ile jibu lilimtuliza. Leo alilisikia upya na kuona jinsi lilivyozunguka. Hakusema hapana. Mtu asiye na mke si angesema hapana tu?

Usiku ule hakulala vizuri. Kila alilolijua juu ya Okoth alilitoa akalikagua upya, na kila lilipotoka lilionekana chafu. Mbona hupokea barua nyingi? Mbona hufika shuleni kabla ya kengele? Asubuhi nyingi alikuwa amewaona wasichana wakitoka darasani kwake kabla ya wengine kufika. Siku zote alidhani wanafagia. Sasa alijiuliza walikuwa wakipewa nini.

Kesho yake Orpah alimletea kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

"Amenipa njiani. Nisingekuletea, lakini sura yake ilinitia huruma."

Nyaboke alifungua. Mwandiko ulikuwa ule ule alioujua, umelala upande wa kulia.

*Nyaboke, waulize wasichana. J.O.*

Hakukuwa na salamu, wala lile neno dogo la Kijaluo alilozoea kumalizia barua zake.

"Anasema nini?" Orpah aliuliza.

"Anasema niwaulize wasichana."

"Unaona? Ameshawafundisha cha kusema."

*

Hata hivyo alikwenda. Alijiambia anakwenda kumkamata Okoth katika uongo. Bosibori alikuwa anapalilia wimbi nyuma ya nyumba yao, jembe likiwa refu kuliko yeye. Alipomwona mwalimu wake alifuta mikono kwa gauni.

"Bosibori, nitakuuliza jambo na usinifiche. Nani alikupa majibu?"

"Majibu ya nini, mwalimu?"

"Ya mtihani wa hesabu."

Msichana alimtazama kama mtu aliyepigwa bila kujua kosa. "Nilihesabu."

"Mwalimu Okoth alikuonyesha karatasi kabla ya Jumatatu?"

"La."

"Usimwogope. Yeye hayupo."

"Simwogopi. Ninakuogopa wewe."

Nyaboke alikaa juu ya jiwe. Alitafuta swali ambalo hakuna mtihani ungeweza kuwa nalo, akaangalia mteremko ulio mbele yao, akalitunga papo hapo.

"Haya. Tuseme shamba lile lina urefu wa hatua mia mbili na arobaini, na upana wa hatua themanini na tano. Kila mche wa kahawa unahitaji hatua kumi na mbili za mraba. Baba yako atapanda miche mingapi?"

Alianza kuihesabu mwenyewe kichwani, themanini na tano mara mia mbili na arobaini, akapotea njiani. Akaokota kijiti aandike chini.

"Elfu moja na mia saba," Bosibori alisema.

"Ngoja kwanza."

"Ni elfu moja na mia saba, mwalimu. Usianze na kuzidisha, utachoka. Gawa kwanza mia mbili na arobaini kwa kumi na mbili, ni ishirini. Halafu themanini na tano mara ishirini."

Nyaboke aliendelea kuandika kwa njia ndefu mpaka mwisho, kijiti kikikwaruza udongo. Ilimchukua muda. Jibu lilikuwa elfu moja na mia saba.

Alimpa lingine, na la tatu. La tatu lilimshinda yeye mwenyewe, na msichana alilieleza hatua kwa hatua kwa subira, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Mwalimu Okoth. Mchana wavulana wakifanya hesabu sisi tunakuja kwako kushona. Akatuambia anayetaka aje kabla ya kengele. Tulikuja wanne. Aliacha mlango wazi siku zote, hata mvua ikinyesha."

"Nilidhani mnafagia."

"Tulifagia pia. Baada ya hesabu."

"Mbona hukuniambia?"

Bosibori aliinamia jembe lake. "Nilikuletea daftari langu, mwalimu. Muhula wa pili. Ulilitazama ukasema nimenakili kwa ndugu yangu."

Nyaboke aliikumbuka siku hiyo vizuri sana. Alikumbuka hata kwamba alisema kwa upole, akitabasamu, akiamini anamfanyia mtoto wema kwa kutomchapa. Haikumwingia akilini kamwe kwamba msichana angeweza kuwa amezifanya mwenyewe. Na hakuna mwanamume yeyote aliyemlazimisha kuwaza hivyo.

Alikaa juu ya jiwe lile mpaka mamake Bosibori akaja kuuliza kama mwalimu anaumwa.

*

Jumatano mkaguzi alifika kwa baiskeli, suruali yake imebanwa kwa vibanio, tope mpaka magotini. Bwana Thadeus alikuwa mtu wa makamo, mwenye haraka. Alikaa kwenye kiti cha Machogu. Okoth alisimama mbele ya meza, Nyaboke na Orpah kando.

"Mwalimu Mkuu ameniandikia yote," mkaguzi alisema. "Mwalimu Okoth, ulionekana ukitoka humu na karatasi, na unakataa kuionyesha. Mtu asiye na kosa hafichi kitu. Una neno?"

"Sikuiba mtihani, bwana. Hilo ndilo neno langu."

"Mwalimu Nyaboke, ulimwona?"

"Nilimwona," Nyaboke alisema. "Naomba niulize swali, bwana."

"Uliza."

"Mwalimu Mkuu, siku ya mtihani bahasha uliifungua wewe, mbele ya darasa. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi. Lakiri ilikuwa imevunjika?"

Machogu alikunja uso. "Lakiri?"

"Ile nta nyekundu. Ilikuwa nzima au imevunjika?"

Machogu alivua miwani.

"Ilikuwa nzima," alisema hatimaye. "Niliikata mimi mwenyewe. Ndiyo. Ilikuwa nzima kabisa."

"Na hukulisema hilo?" mkaguzi aliuliza kwa ukali.

"Sikulifikiria, bwana."

"Hata mimi sikulifikiria," Nyaboke alisema. "Nilikuwa na mkasi mkononi, na sikulifikiria. Tuliambiwa kuna mwizi, tukaanza kutafuta anayefanana naye. Kuna jambo lingine, bwana. Wavulana sita walipata zaidi ya tisini kwa karatasi hiyo hiyo. Hao hawachunguzwi?"

Orpah alimvuta kidogo kwa nyuma. Nyaboke alijitoa.

"Wasichana wako nje. Waandikie hesabu mpya, za kichwani mwako. Na wale wavulana sita pia."

Mkaguzi alimtazama kwa muda mrefu, na Nyaboke akaona mashaka yamehamia kwake yeye sasa. *Na huyu anamtetea kwa nini?* Macho yale yaliuliza wazi. Lakini alisimama, akachukua chaki, akaenda darasani.

Aliandika hesabu nane ubaoni. Alikusudia ziwe ngumu. Watoto kumi walikaa mbalimbali, kila mmoja na sleti yake, na mkaguzi akatembea kati yao mikono nyuma. Bosibori alimaliza wa kwanza, akageuza sleti na kutazama nje dirishani. Wasichana watatu walipata zote nane. Wa nne alikosa moja. Wavulana wanne walipata saba, wawili wakapata sita.

Bwana Thadeus alirudia kusahihisha sleti ya Bosibori mara ya pili.

"Nani amekufundisha?" alimuuliza.

"Mwalimu Okoth. Na nyumbani ninajifundisha."

Mkaguzi alirudisha sleti taratibu. Nje, karibu na baiskeli, alisema na Machogu kwa sauti ya chini, lakini Nyaboke alisikia.

"Ile barua niliiandika mimi. Majina ya wavulana niliyapita hivi hivi. Nilipofika kwa wasichana kalamu ilisimama yenyewe." Alifunga vibanio vya suruali. "Nitaandika nyingine. Mwambie Okoth arudi darasani."

"Na karatasi yake, bwana?"

"Kama si ya mtihani inatuhusu nini?"

Machogu alimwendea Okoth mbele ya wote, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilisema neno siku ile, kabla hujaingia ofisini," alimwambia. "Hukulisikia."

"Nimeyasikia mengi, bwana," Okoth alijibu. Alichukua kofia yake akaondoka, wala hakumtazama Nyaboke.

*

Chumba cha Okoth kilikuwa nyuma ya duka pale Nyamira. Kesho yake alasiri Nyaboke alikwenda peke yake, mchana kweupe, akapita katikati ya soko watu wakimwona. Alimkuta mlango wazi, sanduku la bati juu ya kitanda, mashati yamekunjwa ndani.

"Unaondoka."

"Nimefikiria."

"Nimekuja kukuomba msamaha, Jeconia."

Okoth aliendelea kukunja shati. "Unaomba kwa sababu wasichana wamepita. Nikuulize kitu. Wangeanguka, ungekuja?"

Nyaboke alifungua mdomo kusema ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Sijui," alisema.

Okoth alisimama na shati mkononi.

"Sijui, Jeconia. Nilipokutaja kwa Machogu nilidhani ninasema niliyoyaona tu. Lakini angekuwa ametoka mwalimu wa kwetu na karatasi ile, ningesema amesahau kitu akarudi kukichukua. Nisingekumbuka hata koti lake. Wewe nilikumbuka mpaka macho."

"Kwa sababu watu wa ziwani wana maneno matamu na wake nyumbani."

Nyaboke alishtuka. "Nani alikwambia Orpah alisema hivyo?"

"Ninyi wenyewe. Mwezi wa sita, chini ya dirisha la darasa langu. Mlikuwa mkisema Kigusii, lugha yenu. Nimekaa hapa miaka mitatu, Nyaboke. Ulidhani sielewi? Sokoni wanasema mbele yangu kwamba mimi bado ni mtoto, kwa kuwa kwetu hatutahiri. Ninalipa ndizi zangu, ninaaga."

"Mbona hukusema kamwe?"

"Ningesema nini?"

Nyaboke alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Sokoni kulikuwa na mwanamke anaita mbuzi wake.

"Niambie ile karatasi ni ya nini," alisema. "Ukitaka. Usipotaka nitakwenda, na sitauliza tena."

Okoth alitoa bahasha ndani ya Biblia yake, akamkabidhi. Ilikuwa barua kwa Mwalimu Mkuu, ya tarehe ya Alhamisi ile ile karatasi za mtihani zilipofika. *Naomba nihamishwe shule nyingine,* ilisema. *Sababu ni kwamba ninampenda mwalimu mwenzangu, Nyaboke binti Nyamweya, na nimeona kwamba jamaa zake hawatanipokea kamwe, na yeye mwenyewe ananionea haya.*

"Ulikataa nikusindikize kutoka kanisani Sabato iliyotangulia," Okoth alisema. "Uliona binamu zako njiani ukaniambia nipite njia ya chini. Nikaandika kwa hasira, nikaiweka mezani kwa Machogu. Ijumaa hasira ikaisha. Nikaona nimeandika jina lako. Angesoma ungefukuzwa kazi, na kanisani ungesimamishwa mbele ya watu. Niliingia kuichukua kabla hajaifungua."

"Ungeionyesha ungeokoka."

"Ndiyo."

Nyaboke aliikunja ile barua ikarudi katika mikunjo yake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Unasema jamaa zangu hawatakupokea kamwe. Uliwauliza?"

Okoth alirudisha Biblia mahali pake.

"Baba yangu umemwona mara ngapi?"

"Kwa mbali."

"Nani alikwambia atakataa?"

Mwalimu Okoth alikaa kitandani kando ya sanduku lake, akapitisha mkono usoni. "Kila mtu anajua," alisema polepole. "Wakisii ni watu wa hasira. Nilipopangiwa kuja huku mjomba wangu aliniambia nisilale bila rungu." Alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Miaka mitatu. Ninalo chini ya kitanda mpaka leo."

Nyaboke aliinama akatazama. Lilikuwapo kweli, limejaa vumbi. Kicheko kilimtoka katikati ya machozi, na Okoth naye akashindwa kujizuia.

"Nitakwenda kwa baba yako," alisema walipotulia. "Akinifukuza, nifukuzwe na yeye, si na maneno ya watu."

*

Mzee Nyamweya alimtazama mgeni kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akamwambia bintiye kwa Kigusii, "Umeniletea Mjaluo."

"Ndiyo, Tata."

"Unataka nimfanye nini?"

"Mwulize, Tata. Chochote unachokishuku, usiniulize mimi wala majirani. Mwulize yeye. Anaelewa."

Mzee aligeuka kwa haraka. "Unasikia lugha yetu?"

"Ninasikia, Tata," Okoth alijibu kwa Kigusii, kwa lafudhi iliyowafanya watoto mlangoni waangue kicheko. "Kuzungumza ndiko kunanishinda kidogo."

Mzee aliuliza, na hakuuliza kwa upole. Ana mke? Hapana. Baba yake yuko hai? Amefariki, kaburi lake liko ziwani. Nani anaweza kushuhudia habari zake? Aluoch, mamake, yuko hai, na mchungaji wao pia. Atamhamishia Nyaboke ziwani, wamwone mara moja kwa mwaka? Atafundisha hapa hapa, misheni ikikubali. Mbona mtu mzima hajatahiriwa? Okoth alisema wao huingia utu uzima kwa njia nyingine, akaeleza ile desturi ya kung'oa meno sita ya chini, ambayo kanisa liliikomesha kwao. Mzee alisikiliza kwa makini sana.

"Meno sita?" aliuliza. "Bila kulia?"

"Babu yangu hakulia."

Mzee hakusema ndiyo siku ile. Alituma watu kwenda ziwani kuuliza, wakarudi baada ya wiki mbili wakisema mke hayupo. Akatuma wengine, maana wale wa kwanza hakuwaamini. Na wa pili waliporudi na habari ile ile, alimwita Nyaboke akamwambia, "Hao walioniambia ana mke, nimewauliza jina lake. Hakuna aliyelijua. Mwambie alete watu wake."

Walifunga ndoa mwezi wa nane mwaka wa 1956, kanisani, Orpah akiwa msimamizi wa bibi harusi, akilia kuliko wote. Machogu aliisoma mistari ya Biblia. Bosibori hakuwepo. Alikuwa shule ya bweni ya wasichana, na kwa masomo ya hesabu walikuwa wamempandisha darasa.

Mama Aluoch alikuja na watu wake. Siku ya pili baada ya harusi Nyaboke alimpikia kwa mkono wake: ugali wa wimbi, mboga chungu, kuku. Aliweka mbele yake, akamnawisha mikono. Mama alinawa. Kisha akakaa anatazama chakula, mikono mapajani, hagusi.

Okoth alianza kusema kitu kwa Kijaluo. Nyaboke alimgusa goti anyamaze. Alijua. Alikuwa amekwisha kusikia yanayosemwa huko ziwani juu ya wanawake wa Kisii, kwamba vyungu vyao haviaminiki, kwamba huko milimani wachawi ni wengi kuliko ndizi. Shavu lilimwaka moto. Angeweza kuinuka, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mama," alisema, "umeambiwa kitu juu yangu?"

Mwana alitafsiri kwa sauti ndogo. Mama Aluoch alimtazama mkwewe machoni kwa mara ya kwanza.

"Nimeambiwa," alikiri.

"Hata mimi niliambiwa juu ya mwanao. Niliamini. Nilikaribia kumpoteza."

Nyaboke alimega ugali kutoka sahani ile ile, akachovya kwenye mchuzi ule ule, akala. Hakuharakisha. Alimega tena.

Mama Aluoch alingoja kidogo. Kisha alinyoosha mkono, akamega tonge dogo, akalitafuna akiwa bado anamtazama. Akameza. Akasema neno kwa mwanawe.

"Anasema nini?" Nyaboke aliuliza.

Okoth alikuwa anajizuia kucheka. "Anasema chumvi haitoshi."

"Mwambie ajiongezee mwenyewe," Nyaboke alisema, akamsogezea kibakuli cha chumvi.